Jinsi Serikali ya Sifani Ilivyomjua Askari Asiyejulikana

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu, Mungu ashukuriwe, viongozi husema kweli na waliokufa huachwa wapumzike. Yalitokea Sifani, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikuta pale pale karatasi inapokunjwa na kuchanika. Basi msikilizaji akiona humu mtu anayefanana na mkubwa wake, asijisumbue kumpigia saluti. Siye.

Sifani ilikuwa na mji wa kale uitwao Kutani, uliozungushiwa ukuta mnene wa mawe na chokaa. Mababu waliujenga ili adui asiingie. Adui aliingia mara kadhaa, kila mara kwa kupitia langoni, kwa sababu mababu walikuwa watu wakarimu na lango walilifanya pana. Juu ya ukuta ilipangwa mizinga ya shaba. Zamani ilielekea nje, kwa wageni. Serikali zilizofuata ziliigeuza ikaelekea ndani, kwa wenyeji, zikaeleza kuwa ndani ndiko kwenye watu wengi zaidi wa kulindwa.

Mwenye dhamana ya vitu hivyo alikuwa Badawi Shekue, Naibu Mkurugenzi wa Kuta, Mizinga na Kumbukumbu za Mashujaa. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ng'ambo masomoni tangu Badawi hajaota mvi. Inasemekana alikuwa akisomea namna ya kurudi. Badawi alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kupita kando ya barabara hata barabara ikiwa tupu. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanatumu, akalala kitanda kimoja na mwana wa pekee wa mama huyo, aliyeitwa Shali.

Shali alikwenda vitani. Vita vyenyewe vilikuwa baina ya Sifani na jirani yake Tambo, wakigombea kisiwa kilichokuwa katikati ya mto wa mpakani. Mwaka uliofuata mafuriko yalikichukua kisiwa, na nchi zote mbili zikatangaza ushindi. Vijana wa Kutani walikwenda kwa malori. Wachache walirudi kwa miguu. Shali hakurudi kwa chochote.

Vita vilipokwisha, serikali ilileta maiti moja iliyookotwa ukingoni mwa mto, imeungua hata sura na sare hazitambulikani. Ikazikwa chini ya ukuta, karibu na lango la mashariki, na juu yake likawekwa jiwe: HAPA AMELALA ASKARI ASIYEJULIKANA. Kisha serikali ikaenda kula.

Wanawake wa Kutani hawakwenda kula. Kila Ijumaa alasiri walikuja na mafagio yao, makopo ya maua na maji ya waridi. Bi Mwanatumu alifagia upande wa kichwani akimsimulia Shali habari za mtaani. Mjane wa fundi cherehani alikaa upande wa miguuni akimnung'unikia mumewe juu ya paa linalovuja. Kila mmoja alimwita maiti kwa jina la mtu wake, naye hakumkatalia hata mmoja.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka Mtukufu Rais Tumbi Makolo alipotangaza kwamba, kuadhimisha ushindi, angetembea ukuta mzima wa Kutani kwa miguu yake mitukufu, mabalozi wakimfuata.

Waziri wa Utukufu wa Taifa, Mheshimiwa Daktari Pazi, alitangulia kuikagua njia. Alikuwa na kitambi cha heshima na sauti ya mtu anayehutubia hata anapoomba chumvi. Badawi alimwongoza juu ya ukuta, jasho likimchuruzika.

Kwanza walifika kwenye Mnara wa Majenerali, mrefu kuliko minara yote mjini, uliojengwa kuwaenzi majenerali waliofariki wakati wa vita, vitandani mwao, kwa kisukari. Waziri aliinamisha kichwa. Kisha wakaifikia sanamu ya farasi wa gavana wa kale, farasi aliyekimbia mapigano na gavana wake mgongoni. Chini yake iliandikwa: ALITANGULIA. Waziri akainamisha kichwa tena. Walipofika kwenye mzinga mkubwa, Waziri aliupapasa kama mtu anayepapasa fahali mnadani.

"Huu ulimpiga nani?"

"Ulipiga tanuri la mikate, Mheshimiwa. Siku ya sherehe za Uhuru. Kwa bahati mbaya."

"Lakini ulilipata tanuri?"

"Katikati kabisa, Mheshimiwa."

"Basi sema shabaha. Usiseme bahati mbaya."

Hatimaye wakashuka ngazi za lango la mashariki, wakasimama mbele ya kaburi. Waziri alisoma jiwe, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Nani huyu?"

"Haijulikani, Mheshimiwa."

"Wewe ndiye hujui, au haijulikani?"

"Hakuna ajuaye."

"Bwana Badawi," Waziri alisema kwa upole wa kutisha, "serikali hii inajua idadi ya kuku wa kila nyumba. Inajua nani alicheka wakati wa hotuba ya bajeti, na alicheka kwa jino gani. Leo Mtukufu Rais asimame hapa mbele ya mabalozi, asome jiwe linalosema kuna kitu serikali haikijui? Tena mtu! Tena askari, mwajiriwa wetu!"

"Ni desturi ya dunia, Mheshimiwa. Nchi nyingi zina kaburi kama—"

"Nchi nyingi hazina uongozi."

Wiki ile ile ikaundwa Tume ya Kumjua Askari. Tume ilikaa hotelini ikafanya kazi kwa bidii hata wapishi wakaomba likizo. Haikufukua kaburi, kwa kuwa kufukua, alivyosema mwenyekiti, kungeweza kuleta matokeo. Badala yake ilijiuliza swali la kitaalamu: ni nani katika Sifani anayestahili kuwa shujaa na bado hana kaburi la kifahari? Jibu lilipatikana kabla ya chai ya saa nne. Askari alikuwa marehemu Kadege Makolo, ami yake Rais.

Kutani nzima ilimkumbuka Kadege. Vita vilipoanza alijificha ukweni, chini ya kitanda, akatoka siku ya harusi ya jirani kwa sababu ya harufu ya pilau, akafa kwa kukwamwa na mwiba wa samaki changu. Tume haikuupuuza ushahidi huo. Ilieleza kwamba kilichomkwama kooni kilikuwa kipande cha kombora la adui, chenye umbo la mwiba.

Badawi akapewa amri mbili. Kwanza, awaondoe wanawake kaburini, maana si watu wa familia. Pili, aandike hotuba ya Waziri. Amri ya kwanza aliitekeleza asubuhi mapema, wenyewe hawapo. Aliyatoa mafagio na makopo ya maua, akazungusha mnyororo, akaweka bango la kukataza. Alasiri akaenda kwa shangazi yake, kwa kuwa aliona ni heri aseme mwenyewe kuliko akasemewe na bango.

Bi Mwanatumu alikuwa uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kama Badawi, au umekuja kama serikali?"

Badawi alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akainuka, akakaa tena. "Shangazi, yule askari. Amejulikana."

Ungo ulisimama hewani. Uso wa yule mama ukabadilika, mikunjo ikalainika, akawa kama mwanamke aliyesikia hodi mlangoni baada ya kukata tamaa.

"Ni Shali?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Badawi alitamani ardhi ipasuke. "Ni Kadege Makolo."

"Kadege yupi? Kadege wa mwiba?"

"Tume imesema ni kombora."

"Kombora!" Bi Mwanatumu aliuweka ungo chini. "Badawi, mimi nilikuwepo! Mimi ndiye niliyempiga mgongoni autapike, naye mkononi hakuuachia ule mnofu! Kazikwa makaburini kwa babu zake, mbali kabisa na ukuta wenu!"

"Najua, shangazi."

"Unajua, na mnyororo umeweka wewe."

Kuku walikuja kudonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Nisikilize, mwanangu," Bi Mwanatumu alisema hatimaye, na sasa hasira ilikuwa imemtoka, jambo lililomwumiza Badawi zaidi. "Sikuwahi kusema yule ni Shali kwa yakini. Sina wazimu. Lakini kila Ijumaa nilikuwa na mahali pa kukaa na mwanangu. Wenzangu vile vile. Sasa tukakae wapi? Tukamlilie Shali jikoni?"

Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akauchukua ungo, akapepeta kidogo, akauliza kama anayeuliza habari za mvua:

"Hotuba ya Waziri anaandika nani?"

"Mimi. Lakini yeye huwaambia watu anaandika mwenyewe."

"Vyema. Basi ututie neno moja la shukrani sisi tuliolitunza kaburi. Sema tumemlilia Kadege kama mama amliliavyo mwanawe na mjane amliliavyo mumewe, na kwamba kuanzia leo serikali inatutambua hivyo."

"Ni hilo tu, shangazi?"

"Ni hilo tu. Sisi wazee tunataka nini tena duniani?"

Badawi aliondoka akiwa amepunguziwa mzigo. Aliona ni kifuta machozi kidogo tu, na Waziri hupenda sentensi ndefu. Usiku huo alilala vizuri.

Siku ya Matembezi ikafika. Kwa kuwa Mtukufu Rais hakuwa na mazoea ya kutembea, Matembezi yalifanywa kwa gari; na kwa kuwa gari halikuweza kupita juu ya ukuta, sehemu kubwa ya ukuta ilibomolewa ili ukuta upitike. Mabalozi walisifu ngome. Rais alipunga mkono mbele ya Mnara wa Majenerali, akapunga mbele ya farasi, na mbele ya mzinga aliambiwa neno shabaha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kaburini palikuwa na jiwe jipya, kubwa kuliko kaburi lenyewe: HAPA AMELALA ASKARI ANAYEJULIKANA. Chini yake jina la Kadege, na chini ya jina la Kadege, kwa herufi kubwa zaidi, jina la Rais aliyezindua. Wanawake wa Kutani walikuwa wamesimama nyuma ya mnyororo, kimya, kila mmoja na mkeka kwapani. Walinzi waliiona mikeka, wakadhani ni ya kukalia wakati wa hotuba.

Waziri Pazi alipanda jukwaani. Redio na televisheni zilikuwa zikirusha moja kwa moja.

"Mtukufu Rais," alinguruma, "mwanga usiohitaji umeme! Adui alidhani amemficha Kadege katika giza la kutojulikana. Lakini macho ya serikali hayalali, na yakilala hayafumbi!" Makofi yakapigwa. "Nawashukuru pia akina mama hawa, wakiongozwa na Bi Mwanatumu. Miaka yote hii wamemlilia Kadege kama mama amliliavyo mwanawe na mjane amliliavyo mumewe. Nami natangaza mbele ya taifa na mabalozi, kwamba kuanzia leo serikali inawatambua hivyo!"

Makofi hayajaisha, ukapanda ukelele wa msiba.

"Mwanangu! Kadege mwanangu weee!"

Alikuwa Bi Mwanatumu. Nyuma yake wengine wote wakaangua kilio. "Mume wangu! Baba watoto!" Mnyororo ukakanyagwa. Mlinzi mmoja alinyoosha mkono kumzuia Bi Mwanatumu, naye akamtazama kutoka viatuni mpaka kofiani.

"Unamzuia mama wa shujaa? Waziri kasema sasa hivi, dunia nzima imesikia. Mimi ndiye mama yake Kadege. Basi huyo unayemlinda ni mjukuu wangu."

Mama halisi wa Kadege alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo hakuweza kuleta pingamizi. Mlinzi alimtazama mkuu wake, mkuu akaitazama kamera, mkono ukashuka. Bi Mwanatumu akamkumbatia Rais wa Jamhuri ya Sifani shingoni, mbele ya mabalozi, na kwa kuwa bibi kumtania mjukuu ni haki yake tangu enzi za mababu, akamwita kwa sauti ya kusikika na vipaza sauti vyote:

"Mume wangu! Mbona umenenepa hivi na watu wako wamekonda? Nani anakupikia?"

Balozi mmoja alicheka, akajifanya kukohoa. Rais aliachia tabasamu la mtu aliyemeza ndimu. Na Badawi, aliyekuwa amesimama nyuma ya jukwaa, ndipo alipofahamu aliandika nini. Kifuani, mahali asipokuwa na mazoea ya kusikia kitu, alisikia kicheko.

Msiba hauna budi kuwa na matanga. Matanga ya ami yatakaliwa wapi kama si kwa mtoto wa ndugu yake? Jioni ile wanawake waliingia Ikulu Ndogo ya Kutani wakatandika mikeka bustanini. Katika Sifani mtu anaweza kuvunja katiba mchana, watu wakampisha njia. Lakini kufukuza waombolezaji matangani ni jambo ambalo hata jambazi hulionea haya. Askari wa getini walivua viatu, wakatoa mkono wa pole, wakaenda kukoka moto wa uji.

Redio ilikuwa imefika mbali. Siku zilizofuata wakaja wengine kutoka kila wilaya, na mabunda yao vichwani. Waliopoteza wana wakawa mama zake Kadege. Waliopoteza waume wakawa wajane wake, wakataka kukalia eda humo humo. Kadhi aliulizwa mtu mmoja anawezaje kuacha wajane wengi hivyo. Alijibu kwamba sheria ya dini haina shaka, ila tangazo la serikali nalo halina rufaa, akaomba ruhusa akapumzike.

Rais hakuweza kwenda kunywa chai bila kukutana na bibi wa kumwuliza mbona bei ya sukari imepanda, tena amwulize huku akimshika shavu. Huwezi kumkamata bibi yako. Lakini lililomkosesha raha zaidi lilikuwa jambo jingine. Alasiri wanawake walipolia, kila mmoja alilia hivi: "Kadege wangu, niliyekuita Shali!" "Kadege wangu, niliyekuita Mbaruku!" "Kadege wangu, niliyekuita Fumo, hujamwona mwanao!" Majina yalifuatana mpaka kiza kikaingia. Hakuna serikali ya Sifani iliyokuwa imewahi kuyasikiliza majina hayo. Rais alifunga madirisha, akaongeza sauti ya redio, na redio nayo ilikuwa ikirusha matanga.

Akamwita Waziri.

"Pazi, ile hotuba nani aliandika?"

Badawi alikuwa amesimama mlangoni na faili kwapani. Waziri Pazi alikuwa amejisifu miaka yote kwamba kila neno ni lake. Alimtazama Badawi, akamtazama Rais.

"Mimi mwenyewe, Mtukufu," alisema kwa uchungu.

"Basi andika nyingine ya kuifuta."

Kesho yake taifa likatangaziwa. "Baada ya utafiti wa kina," Waziri alisoma, "serikali imefanikiwa kutomjua askari aliyelala Kutani. Kutojua kwetu kumefikia viwango vya kimataifa. Marehemu Kadege Makolo amerudishiwa mwiba wake. Kuanzia sasa, yeyote atakayemjua askari huyo, au atakayedai kwamba serikali inamjua, atashtakiwa kwa uhaini."

Wanawake walikunja mikeka. Bi Mwanatumu alikwenda kumuaga Rais kama inavyotakiwa.

"Kwaheri, baba," alimwambia. "Na pole kwa ami yako. Alikuwa mlaji mzuri."

Waziri Pazi alihamishiwa Wizara ya Mifugo, ambako hotuba zake zilipokelewa kwa utulivu. Badawi alipandishwa cheo akawa Mlinzi Mkuu wa Kutojulikana. Alipewa kofia na kiti, akaamriwa akae kaburini kuhakikisha hakuna anayejua chochote. Alikuwa mtumishi mtiifu, na safari hii utii haukumwuma. Alifungua mnyororo kwa mikono yake, na Ijumaa ya kwanza akamletea shangazi yake ufagio mpya. Bi Mwanatumu aliupokea, akaujaribu chini, akasema, "Huu ni laini mno," lakini aliufagilia.

Mpaka baina ya Sifani na Tambo ulipofunguliwa kwa ajili ya biashara ya mbuzi, Ijumaa moja alikuja mwanamke mgeni. Alikuwa mzee, miguu imejaa vumbi, ushungi ameufunga kwa namna ya Tambo. Alisimama mbali kidogo na wanawake wa Kutani akilitazama jiwe la zamani, lililokuwa limerudishwa mahali pake. Kilio kikapungua, kikanyamaza. Baadhi ya wanawake walivuta mikeka yao karibu. Badawi akainuka, akaiweka kofia sawa.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Nimeambiwa hapa amezikwa kijana aliyeokotwa mtoni."

"Ndiyo, mama. Lakini ni askari wa Sifani."

"Unajua?" mgeni aliuliza. Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu aliyetoka mbali na anayetaka kuambiwa kweli ili ageuze njia. "Wangu alivuka upande huu. Ukiniambia unajua kwamba siye, nitarudi."

Badawi alifikiria sare zilizoungua hata rangi yake haionekani. Aliifikiria sheria, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake sheria na kweli zilikuwa zimekaa upande mmoja.

"Hapana, mama," alisema. "Sijui. Hakuna ajuaye."

Upepo uliyasukuma maua makavu mpaka chini ya ukuta. Kisha Bi Mwanatumu, bila kuinua macho, akajisogeza kwenye mkeka wake na kuwageukia wenzake.

"Sogeeni," aliwaambia. "Mwenzenu akae."

Wakasogea. Mgeni akavua ndala, akakaa, akagusa udongo kwa kiganja, na jina alilolitaja lilikuwa geni masikioni mwa Kutani, lakini kilio kilikuwa kile kile.

Habari ilifika Ikulu kwa njia zake. Wakubwa walikaa kikao juu ya jambo hilo, wakalipima, wakatazamana. Na serikali ya Sifani, ambayo haikuwahi kutii sheria yake yoyote, iliitii hiyo moja: haikujua.